Jambazi Hajafa Sawasawa

MARHOON: Haloo? Nani mwenzangu?

KHOLE: Mimi Khole, kaka. Namba ya dada'ko huijui?

MARHOON: Miwani nimeivua. Fremu imepata moto, inaniunguza masikio.

KHOLE: Shikamoo.

MARHOON: Marahaba. Wazima huko Mawaleh?

KHOLE: Alhamdulillah. Nimo kabatini, nimetundika mablanketi, sauti isirudi. Fahd wa studio kakwambia?

MARHOON: Kanambia! [anacheka, anakohoa] Umri wote huu natia sauti filamu za makauboi za Kitaliana. Nimeuliwa kwa bastola, kwa kamba, kwa kukanyagwa na farasi. Leo kijana ananambia jambazi wangu hajafa sawasawa.

KHOLE: Jambazi kaachwa jangwani, kiu inamuua. Weye unasema kama mtu aliyetoka kula biriani.

MARHOON: Ndo maana nimekuja huku. Nyumbani Amerat wajukuu hawanyamazi. Gari nimeiegesha nyuma ya—

KHOLE: Na kiyoyozi?

MARHOON: Nimezima. Kinanguruma, kinaingia kwenye rikodi. Na vioo nimepandisha.

KHOLE: Mchana huu, kaka? Mwezi wa Juni?

MARHOON: Mwanzo shati lote lilikuwa chepechepe. Sasa jasho limekatika lenyewe. Nasikia baridi, hata.

KHOLE: Afadhali. Yalla, turudie. Mtindo wetu ni ule ule: mpaka niseme "kata", hapana kutoka ndani ya mtu unayemwigiza.

MARHOON: Nani aliyekufundisha hayo?

KHOLE: Weye. Haya, mimi mjane, nashuka kwenye farasi. "We mwanamme! Wenzio wako wapi?"

MARHOON: "Wamekwenda... na dhahabu. Mimi wameniachia jua."

KHOLE: "Nikikupa maji, utanambia wamepita njia gani?"

MARHOON: "Maji... maji, bibie—" [simu inakwaruza] "—ulimi umekauka."

KHOLE: Hilo la ulimi halimo, lakini liache! Zuri, wallahi. Endelea.

MARHOON: "Kichwa... kinapiga ngoma."

KHOLE: Hilo pia umeliongeza. Mashallah, Fahd leo atalia.

MARHOON: [anahema]

KHOLE: Usiiharakishe pumzi. Ndo hivyo. "Jina lako nani, nipate kukuzika nalo?"

MARHOON: Mama kaja.

KHOLE: Eti?

MARHOON: Kasimama hapo nje. Kashika gilasi ya maji.

KHOLE: Kaka, katika filamu hamna mama. Mama yupi?

MARHOON: Mama yetu, Khole. Mbona humuoni?

KHOLE: Mama tulimzika, kaka. Kata. Basi, kata. Fungua mlango utoke nje.

MARHOON: "Wamenifunga mikono, bibie."

KHOLE: Hukufungwa! Hayo ya filamu! Washa gari, teremsha kioo!

MARHOON: "Wamenifunga..."

KHOLE: Ya Rabbi. Uko wapi? Ulikuwa unanambia, nikakuingilia. Uko wapi, kaka?

MARHOON: "Nyuma ya jabali."

KHOLE: Maskati nzima majabali! Jabali gani?

MARHOON: "Hapiti mtu... mpaka jua litue."

KHOLE: Usinisomee filamu! Nambie umepita njia gani! Kwa Qantab? Umekwenda huko? Nijibu kwa sauti yako!

MARHOON: Simu... imeandika... imepata moto. Inataka kuzi—

KHOLE: Kaka? Haloo? Kaka Marhoon! [anafungua kabati] Nasriya! Nasriya, mwanangu, lete simu yako, mpigie Yaqdhan, mtoto wa mjomba'ko! Muulize baba yake kaelekea wapi na gari! [anamsikiliza Nasriya] Vipi hajui? Mwambie aulize nyumba nzima!

[Simu ya Marhoon imezima.]

KHOLE: Kaka, nimesema kata. Mbona hunisikilizi? Kata, kaka. Kata!