Mfano wa Kumpa Mtahini

Asubuhi ile benchi la nje ya kinyozi lilikuwa na watu wake wa siku zote: Kinyozi mwenyewe, akisubiri kichwa cha kwanza; Fundi Viatu, na kiatu cha shule mapajani; na Profesa, dereva mstaafu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa jibu. Pembeni alikaa Dada Cherehani, mshonaji wa mlango wa pili, mwanawe kamlalia begani. Mtoto alikuwa anaota meno. Usiku kucha kalia, ndiyo kwanza kasinzia. Na kesho mama mtu ana mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo cha uuguzi, wa kuulizwa ana kwa ana. Mara ya kwanza aliangushwa na neno moja. Maana yake aliitaja kama ilivyo kwenye kamusi, lakini mtahini alipomwambia, “Nipe mfano wa mtu unayemjua,” akabaki anatazama dari.

— Neno lenyewe lipi? aliuliza Profesa.

— Considerate. Mtu anayewajali wenzake hata kwenye vitu vidogo, bila kuombwa. Maana ninayo, mzee wangu. Mfano ndio sina.

— Mfano tu? Jirani yangu aliingiliwa na mwizi. Akavua viatu mlangoni, asichafue zulia.

— Akaondoka na nini? aliuliza Fundi Viatu, akiikandamiza soli kwa kiganja.

— Na zulia.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Dada, huyu atakuangusha tena. Sema mbu wa chumbani kwangu. Wananiacha nile nishibe, nizime taa, ndipo waanze.

— Mbu ana huruma?

— Profesa, umewahi kuumwa na mbu ukiwa na kijiko mdomoni?

Profesa akafikiri sana. Hakukumbuka.

— Achaneni na mbu, alisema Fundi Viatu. Simba! Akimkuta swala anakunywa maji, anamngoja amalize.

— Ulimwona wapi? aliuliza Profesa.

— Si wewe uliyenihadithia?

— Mimi? Nilisema paka na panya!

Dada Cherehani alicheka, kisha machozi yakamlengalenga.

— Jamani, nikimpelekea mtahini habari za simba, nitabaki kwenye cherehani mpaka huyu mtoto aoe.

Mtoto akajinyoosha. Wote wakaganda, vikombe vya kahawa hewani. Akatulia. Profesa akawa anatafuta mnyama mwingine.

Hapo akafika mama mmoja, ndala iliyokatika mkononi. Akawatazama mmoja mmoja.

— Poleni, ndugu zangu. Kuna msiba?

— Msiba gani tena? aliuliza Kinyozi.

— Sasa mbona mnabishana kwa kunong'ona?

Profesa akamtazama mtoto aliyelala. Kinyozi akatazama redio yake, ambayo kila asubuhi huamsha mtaa mzima. Leo ilikuwa imezimwa. Fundi Viatu akaisukuma nyundo yake kwa kisigino, ikaingia ndani zaidi chini ya benchi. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kitu.

Dada Cherehani akaitazama nyundo. Akaitazama redio. Akamtazama Profesa, ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake. Midomo ikaanza kumcheza, polepole, kwa Kiingereza.

— Unasema nini, mwanangu? alinong'ona Profesa.

— Namjibu mtahini.