Aliyemgusa Kheir Bega

Kijiwe chetu kiko nyuma ya maduka ya Mlandege, kwenye kichochoro ambacho jua likishapita baada ya Alasiri halirudi tena. Pana baraza ya saruji iliyosuguliwa na makalio ya watu mpaka ikawa laini, na ubao juu ya matofali kwa wanaochelewa. Himid anakaa mwisho kabisa na dele lake la kahawa juu ya makaa, na kila mtu akianza uongo yeye hugonganisha vikombe. Siku nyingine vikombe havitulii. Wengine ni Msabah, tunayemwita Injinia kwa kuwa anatengeneza mashine za maji na majenereta. Mjaka wa Tumbatu, tunayemwita Redio, na sababu mtaisikia wenyewe. Na mimi, ambaye wamenibandika jina la Sikubali. Jina silipendi, lakini kila nikilikataa wanacheka. Siku hiyo alikuja Kheir, mwenzetu mkata majani, yule mwenye mashine ya petroli ya kuvaa mkanda begani. Hakutoa hata salamu. Alikaa ubaoni, akatoa plagi ya mashine mfukoni, akaiweka barazani mbele yetu. Himid akampa kahawa, hakuigusa.

Injinia: Sasa plagi hii tuitafune kama kashata?

Kheir: Mashine yangu iko Mangapwani. Nnataka mtu mmoja tu afuatane nami nikaichukue. Kabla ya Magharibi.

Mimi: Kwani miguu yako ina nini?

Kheir: Miguu mizima. Mimi ndio sijiwezi.

Redio: Kheir, umekimbia kazi ya watu?

Kheir: Nimekimbia, ndio. Cheka ukimaliza unambie.

Redio hakucheka. Kheir ni mtu mzima mwenye watoto, si mtu wa kukimbia kazi.

Kheir: Ni shamba la Bi Mashavu, lile la juu ya pwani. Majani yamefika kiunoni. Ijumaa anasomesha hitma ya marehemu mumewe, anataka pawe peupe watu watandike mikeka. Jana nilikuwa nakata peke yangu. Vizibo masikioni, kinga ya wavu usoni. Nkaguswa bega. Hivi.

Akanyoosha vidole viwili, akamgusa Redio begani. Polepole, mara mbili. Redio akasogea.

Redio: We, usinijaribie mimi!

Kheir: Na nyote mnalijua sharti langu.

Tunalijua mpaka limetuchosha. Kheir akiwa na mashine inayowaka, haguswi. Unazunguka mbali, unakuja mbele yake, unampungia mkono mpaka akuone, kisha unasubiri azime. Maana mtu aliyeziba masikio ukimshitua anageuka mwili mzima, na mashine inageuka naye, na ule uzi unaokata majani haujui kama huo ni mguu wako.

Kheir: Nkageuka. Sikuzima, sikuachia mafuta, nimegeuka tu kama mjinga. Angekuwa mtu ningemkata miguu yote miwili. Hakuna mtu. Na nyuma yangu nshakata, uwanja mweupe. Hata kuku hana pa kujificha.

Himid: Bismillahi.

Injinia: Ngoja, ngoja. Kabla hamjafika mbali. Mashine ilikuwa inatikisika?

Kheir: Kidogo.

Injinia: Kidogo! Umefunga uzi gani?

Kheir akainamisha kichwa, akatazama kandambili zake.

Injinia: Nakuuliza, uzi gani?

Kheir: Wa nailoni ulikwisha. Nkafunga waya wa breki ya baskeli.

Injinia: Ala! Waya! Waya ukikatika unaruka kama risasi, unaingia kwenye ugoko wa mtu usiuone tena. Na mashine inacheza, mkono unakufa ganzi, bega linakufa ganzi, damu ikirudi unahisi unaguswa. Weye unatafuta jini, na jini umelifunga mwenyewe kwa koleo!

Mimi: Hapo nakubali.

Redio: Andikeni tarehe, Sikubali kakubali!

Injinia: Na ile kinga ya chini, ya kuzuia mawe?

Kheir: Ilikuwa inaziba majani mabichi. Nkaifungua, nkaitundika kibandani. Mawe yalikuwa yanaruka mpaka yakagonga bati la Bi Mashavu, akanigombeza.

Injinia: Mtu mzima na watoto! Macho unayo ya akiba?

Kheir: Injinia, ntukane unavyotaka, haki yako. Lakini sikiliza. Nilizima. Nkavua mkanda nkautazama, nkasema huu ndio unaonigusa. Ulikuwa bega la kushoto. Nkauhamishia la kulia, nkaukaza. Nkawasha tena.

Himid alikuwa ameshika kikombe cha mtu, hakukipeleka.

Kheir: Nkaguswa la kushoto. Bega tupu.

Nitasema kweli, baridi iliniingia. Mimi mambo hayo siyaamini, na sikuyaamini hata pale, lakini niliegemeza mgongo ukutani, bila kupenda.

Kheir: Safari hii sikugeuka. Niliachia mafuta, nkazima, nkasubiri mpaka waya ukasimama kabisa. Ndio nkageuka. Hakuna mtu. Nkaiingiza mashine kibandani, nkafungua plagi, nkaondoka.

Mimi: Unakimbia jini, huku unafungua plagi?

Kheir: Mkono umezoea. Mashine nikiiacha popote, plagi natembea nayo, bila yake haiwaki. Mtoto wa mtu asije akavuta kamba ikamuwakia miguuni. Hiyo hapo.

Tukaitazama plagi. Imeungua ncha, ina weusi wa oili, plagi ya kawaida kabisa.

Redio: Mimi nitasema, na mtu asinikatize. Mangapwani pale mnapajua. Kile chumba cha chini walimofichwa watu zama za utumwa, wakisubiri kuuzwa. Sasa mtu amewekwa kizani, akasikia mngurumo juu ya kichwa chake...

Himid: Mjaka.

Himid hasemi, ndio maana sote tuligeuka. Hata jina la Redio hakulitumia.

Himid: Wale usiwafanye hadithi ya kahawa. Wale walikuwa watu, na mama zao.

Redio: Sikukusudia mzaha, Himid.

Himid: Najua. Lakini waache.

Redio akawaacha. Alikunywa kikombe kizima, na nilidhani tumepumzika, kumbe anabadilisha stesheni.

Redio: Kheir, ile mashine uliinunua mpya?

Kheir: Ya mtumba. Imekuja kwenye kontena.

Redio: Ahaa! Mnaona? Ilikuwa ya nani?

Kheir: Nitajuaje? Mpini wake umelika pale anaposhika mtu, basi. Imefanya kazi sana.

Redio: Mkono wa nani umeula mpini? Jamani, tumieni akili. Mtu kafanya kazi na mashine ile umri wake wote. Kaifuta, kaichanganyia oili kwa kipimo, kaitunza kuliko mkewe. Kafa. Watoto wameitia kwenye kontena. Inafika huku, inaangukia kwa nani? Kwa Kheir! Kaitoa kinga, kaifunga waya wa baskeli. Mwenyewe atalala? Anakuja nyuma, anamgusa bega: bwana wee, sivyo.

Injinia alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi pia nilicheka, na nilicheka kwa nguvu kuliko kawaida yangu. Himid akagonganisha vikombe. Kheir peke yake hakucheka.

Kheir: Kagusa polepole. Kama mtu anayeogopa kunishitua.

Redio: Si nimekwambia?

Mimi: Sikubali! Maiti apande kontena, avuke bahari, asijue pasi wala viza, aje Mangapwani kumfundisha Kheir kukata majani?

Redio: Weye ukifa utakuja kukataa mpaka sala yako ya jeneza.

Kheir: Jamani. Mimi sitaki kujua ni nani. Nnataka mashine yangu. Leo asubuhi nimemuaga mke wangu Sumaiya nakwenda kazini. Nimefika Darajani, miguu ikakataa. Nimezunguka mjini mpaka saa hizi, na yeye anajua nimo Mangapwani. Kibanda hakina kufuli. Mashine ikiondoka ile, mimi kwangu hapapikwi. Sasa nani anakwenda nami?

Injinia akakumbuka jenereta la mtu. Redio akasema goti lake linamsumbua, na goti hilo ndilo lililocheza mpira juzi. Himid akatazama makaa. Nilimtazama Kheir, na niliona haya kwa niaba yetu sote. Watu wa kunywa naye tuko tele, wa kufuatana naye hakuna.

Mimi: Nakwenda mimi.

Kheir: Kweli?

Mimi: Wallahi. Tunakwenda pamoja, tunaingia kibandani, tunaibeba, tunarudi. Na akinigusa mtu bega, nitamwambia sikubali. Inuka.

Kheir akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akakichukua kikombe chake, kahawa ishapoa, akainywa yote. Tulikuwa tunavaa viatu tuliposikia sauti ya kike upande wa barabarani.

— Asalaam alaikum. Kheir yuko hapa?

Ni Bi Mashavu mwenyewe, mwenye shamba, buibui lake na mkoba mkononi, anahema kwa kutembea. Wanawake hawapiti sana kwenye kichochoro chetu, kwa hiyo tulisimama sote kama skuli.

Kheir: Waalaykumu salaam. Shikamoo Bi Mashavu.

Bi Mashavu: Marahaba, mwanangu. Kumbe uko huku unakunywa kahawa! Mimi natoka shamba sasa hivi, nimesema lazima nipite nikushukuru. Panapendeza!

Kheir: Wapi?

Bi Mashavu: Wapi? Shamba! Pamekuwa peupe mpaka ukutani. Na ile kinga mmeirudishia, leo hakuna hata kokoto iliyogonga bati langu. Umefanya vizuri kumleta mwenzio. Nimemwacha anamalizia kona ya mwisho.

Hakuna aliyekaa. Injinia ndiye aliyeweza kusema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Injinia: Bi Mashavu, samahani. Mashine ilikuwa inawaka?

Bi Mashavu: Sasa majani angeyakata kwa ulimi?

Tukaitazama plagi. Ilikuwa palepale barazani, karibu na kikombe cha Redio.

Injinia: Mwizi. Plagi zinauzwa, mtu anaweza kununua plagi yake.

Mimi: Mwizi gani anaimalizia kazi ya mtu, Msabah?

Bi Mashavu: Mwizi yupi? Mtu ana adabu yule! Nimemwita hasikii, na vizibo masikioni. Nkamwendea kwa nyuma nkamgusa bega.

Kheir: Umemgusa?

Bi Mashavu: Ningefanyaje? Hata hakushituka. Kaachia mafuta, kazima, kasubiri mpaka uzi ukasimama kabisa, ndio akanigeukia. Nkasema huyu kazi anaijua.

Kheir: Uso wake ukoje?

Bi Mashavu: Kavaa ile kinga yako ya wavu, uso nitauona wapi? Na si msemaji. Nimemuuliza, Kheir yuko wapi? Hakujibu. Kafanya hivi tu.

Bi Mashavu akabadilisha mkoba mkono, akanyoosha vidole viwili, akajigusa bega la kushoto. Polepole, mara mbili.

Bi Mashavu: Nkadhani ananambia bega limekuuma, umekwenda kupumzika. Pole. Basi, nilichokujia ni kimoja, maana Ijumaa nataka na yeye aje ale hitma, na nimtaje kwenye dua. Huyo mwenzio anaitwa nani?

Himid aliinua dele kama mtu anayetaka kumkaribisha mgeni, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Redio alikuwa anatazama chini. Kheir alinigeukia mimi. Nilikuwa nshaapa mbele yao wote kwamba tunakwenda pamoja.

Nikanyoosha mkono niichukue plagi, nimuoneshe yule mama, niseme sikubali, hili haliwezekani, hii hapa. Niliishika, nikaiachia, ikagonga saruji. Ilikuwa ya moto. Ya moto ya kuunguza, kama imefunguliwa kwenye mashine dakika hiyo, na makaa ya Himid yako mwisho kabisa wa baraza.

Bi Mashavu: Mbona mmenyamaza? Hamumjui jina?