Maharagi Yaliyopikwa Kilioni

Mheshimiwa Chifu wetu, Papa Padiri, waprofesa wa kituo hiki cha utafiti, ndugu wageni waalikwa wa Bukavu, na ninyi wamaman wenzangu wa Nyantende ambao hata leo mmekimbilia viti vya nyuma: jambo yenu nyote.

Naitwa Déborah, mkulima. Wengine watasema juu ya diploma za Dokta Eulalie, anayestaafu leo baada ya kutafuta miaka mingi maharagi yasiyooza mizizi mvua inapozidi. Mimi nimeombwa niseme juu ya kosa langu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba, kwa hiyo msinionee huruma.

Nani kati yetu hakumcheka? Alikuwa anafika shambani kwa miguu, viatu mkononi, anang'oa mche mzima, anaangalia mizizi, anaandika, anatupa. Tulisema, maman huyu anachezea chakula! Wakati wa vita alitembea na mbegu zimeshonwa kwenye pindo la kikwembe alichojifunga. Mshahara haukuja. Maharagi aliyojaribu Mumosho yalioza, ya Luvungi yakakauka. Mwaka wa tisa akapata aina moja iliyosimama. Ghala la mjini lilikuwa linavuja, basi akaniletea mfuko mmoja, kilo ishirini, mbegu zote alizokuwa nazo duniani, nimtunzie mpaka mvua ya Septemba.

Wiki mbili baadaye baba mkwe wangu akafa. Mnakijua kilio cha kwetu: watu wanajaa uani, na hakuna anayerudi kwake na njaa. Siku ya tatu nyumba ilikuwa tupu, hakuna chakula. Nilikuwa na huzuni, nilikuwa na aibu mbele ya wageni, na mfuko ulikuwa pale chumbani. Nikawaita majirani tuchambue, tukapika yote.

Dokta akaja kutupa pole. Tukampa sahani. Akaitazama, akaitazama tena.

"Déborah, hii maharagi ulitoa wapi?"

"Mu mufuko yako, maman. Batu balikuwa bengi."

Aliketi. Kisha, ndugu wageni, alikula. Alimaliza sahani, akaenda nyuma ya migomba, akalia. Watu walidhani anamlilia muzee. Mimi nilijua, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliporudi, macho mekundu, aliuliza jambo moja tu: "Iliiva mu saa ngapi?" Nikamjibu, saa moja na nusu, yale yetu ya zamani huchukua saa tatu. Akatoa daftari. Miaka tisa wataalamu walikuwa wanachungulia mizizi, na hakuna aliyewahi kutuuliza sisi wapishi juu ya kuni!

Lakini mbegu? Hapo Maman Adélaïde, jirani tuliyechambua naye, yule anayejificha leo nyuma ya nguzo, akakohoa. Kwetu, wanawake wakichambua maharagi ya kilio, anayeona aina asiyo nayo hufunga punje chache kwenye pembe ya kikwembe, akazijaribu kwake. Si wizi, tulizaliwa tukakuta hivyo. Semina zenu zote, waprofesa, zilitukataza: msichanganye mbegu! Adélaïde akafungua fundo lake: punje thelathini na moja. Jirani yake akafungua la kwake. Dokta akapita nyumba kwa nyumba, akiomba, akihesabu, mpaka punje mia mbili na sita.

Akaanza upya. Misimu sita mingine! Hakuniambia neno baya hata mara moja. Na alipopata mfuko mpya uliojaa, alikuja kuutunza wapi? Kwangu. Siku hiyo nililia mimi.

Leo maharagi haya yana jina la herufi na namba kwenye karatasi za wakubwa. Sisi tunayaita Faraja. Mwaka jana mvua ilipiga bila kupumzika, mashamba mengi yakageuka manjano, na watoto wangu walikula wakashiba.

Maman Eulalie, umetafuta mbegu kwa ajili ya mashamba ya watu wote, na kwako hujapanda hata mstari mmoja. Sasa nafasi unayo. Njoo hapa mbele, nipe pembe ya kikwembe chako. Nafunga punje mia mbili na sita. Nimezihesabu mara mbili, Adélaïde ni shahidi.

Ndugu zangu, aksanti kwa kunitegea masikio na kunivumilia. Na wewe, Maman, ukipata wageni wengi, tuite, tutakuja na sufuria zetu. Punje hizi ni za kupanda. Usizipike.