Mpira Mrefu Huishia Majini

Timu ya taifa ilifungwa tena jana, na ndani ya chapa yetu, basi dogo la kwenda Mocímboa da Praia, msiba haukuwa umeanuliwa. Nyuma yangu mzee Suleimane alikuwa akimweleza mama Samiha, muuza vitenge wa Mtwara, ng'ambo ya mpaka, kwa nini tulifungwa. Walikuwa wamefahamiana humo humo garini.

“Wanabutua tu,” mzee alilalamika. “Wapinzani warefu, wanaizuia mipira kwa vichwa bila hata kuruka.”

“Si mtafute warefu na nyinyi, baba?”

“Kwenu wapo. Mnashinda?”

Mama Samiha akaanza kutengeneza ushungi wake, ambao haukuwa na tatizo lolote.

“Sisi tulicheza ufukweni, maji yakipwa,” mzee akaendelea. “Uwanja mwembamba, bahari hii hapa. Ukibutua, unaufuata mpira mwenyewe majini, na wenzako wanakucheka mpaka magharibi. Ndiyo maana tulijua pasi fupi. Sasa niambie, kwenye timu ile nani katoka pwani hii?”

“Si muwapeleke vijana wenu?”

Mzee alikuwa hajarudi kwao Mocímboa tangu vita vilipomkimbiza hadi Pemba, mji wa huku bara, si kile kisiwa. Hilo chapa nzima tulishaambiwa.

Gari liliposimama mjini alishuka, akatazama ufukweni. Bahari ilikuwa imejaa.

“Subiri kidogo, baba,” mama Samiha akamwambia dirishani, kwa sauti ya upole ambayo hatukuwa tumeisikia njia nzima. “Maji yatakupwa, uwanja wako utauona.”

“Maji yatakupwa, mama,” mzee akasema. “Pasi nitampa nani?”