Kugawana Vidonge vya Winchi

Benchi la Mzee Nassibu, muuza kahawa, lilikuwa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Jioni moja ya mwaka 1979 macho yote yalikuwa kwa Tarsis, mpagazi wa sokoni, ambaye wenzake walimwita Winchi. Kifua kikuu kilimkausha hata akapelekwa hospitali juu ya mkokoteni. Sasa sindano za streptomaisini zilikwisha, vikabaki vidonge vya aina mbili, vidogo na vikubwa, vya kumezwa miezi mingi, na asubuhi ile alikuwa amebeba gunia la mchele peke yake.

— Dawa ile ina mwenyewe! alisema Zahoro, maarufu kwa jina la Gazeti. Mtu tulishamnunulia sanda, leo anatupita na gunia!

— Lakini kwa nini dawa nyingi? aliuliza Fikirini, fundi cherehani waliyemwita Jaji.

— Mdudu wa kifua ni mlanguzi, Jaji. Ukimziba mlangoni, anatokea dirishani. Ndiyo maana wanatumwa mgambo wawili kwa pamoja.

— Wapi! Dawa zinabishana humo tumboni, mdudu anachoshwa na kelele, anahama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji si ndiye mdudu?

— Usinivuruge, bwana.

Tarsis alicheka, ila sikio lake lilikuwa kwa Hamis, rafiki yake, aliyekuwa akikohoa ndani ya leso. Hamis alikataa katakata kwenda hospitali. Alihofia kwamba mwenye nyumba akijua, atamfukuza. Tarsis akafungua kikaratasi cha dawa.

— Hamis, chukua hivi vidogo. Mimi nimeshapata nguvu, vikubwa vinanitosha.

— Huo ndio ujamaa! Gazeti akapiga paja.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Jaji akahukumu. Mkimeza wawili, mdudu hatajua amkimbilie nani.

Zamda, mkewe Hamis, alikuwa amekuja kumfuata mumewe, akasimama nyuma yao akisikiliza.

— Shikamooni, wazee. Kila mmoja akibaki na mgambo mmoja, atapona nani?

Taratibu Tarsis akakunja kikaratasi, akakirudisha mfukoni.

— Hamis, kesho tunaenda kliniki. Nitakaa nawe kwenye foleni.

— Na mwenye nyumba?

— Akikufukuza, njooni kwangu Ilala. Tutabanana.

Hamis akamtazama mkewe, kisha akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.