Mbegu Niliyoizuia Mkononi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mnanijua, mimi ni Odhiambo wa hapa Kisegi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikavua omena na kulima ili mdogo wangu Ouma asome. Leo yeye ni nesi Migori. Nilimwomba Mungu ampe hayo, na alipompa, mimi ndiye niliyeumia.

Ndugu zangu, wivu juu ya mtu uliyemlea mwenyewe hauna dawa dukani. Msimu huu Ouma alikuja likizo kupanda. Nyumbani kwake hapa kijijini mtandao haushiki, kwa hiyo kila jioni aliketi sebuleni kwangu na kompyuta, akifundisha wahudumu wa zahanati za mbali: jinsi ya kuingia katika maktaba ya mtandaoni, kutafuta habari za ugonjwa, kutambua maandishi ya kuaminika. Hata waliomzidi umri walimwita mwalimu. Mke wangu akaniambia nizime redio. Redio yangu, nyumbani kwangu!

Mvua ikanyesha. Kwetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa, na kwa kuwa baba hayupo, wa kuanza ni mimi. Basi nikaikalia mbegu yangu, nikasema mgongo unauma. Mahindi ya majirani yakachipuka. Likizo ya Ouma ilikuwa inaisha, na shamba lake la hapa ndilo linalolisha watoto wake. Moyoni nikasema, kompyuta yake na impandie.

Jioni moja nilikuwa chumbani, nikasikia kwenye kompyuta nesi wa zahanati ya Ogwedhi akimshukuru: amepata alichotafuta kuhusu kina mama wajawazito bila kusafiri. Kisha akauliza, "Mwalimu, huko mmeshapanda?"

"Bado. Namngoja kaka."

"Na shule yote hiyo, bado unangoja kaka?" Wanafunzi wake wakacheka.

Ouma hakucheka. "Shuleni alinipisha nikatangulia. Shambani atatangulia yeye, hata mvua ikiisha. Haya, rudini kwenye ukurasa wa kutafutia."

Ndugu zangu, nilipiga magoti kando ya kitanda. Asubuhi Ouma alinikuta shambani, nimeshaanza.

"Kaka, na mgongo?"

"Umepona, omera, ndugu yangu. Leta jembe."

Mchana tukahamia shamba lake.

Sitawaficha: akiitwa mwalimu, bado kitu hunichoma. Lakini sasa nakipeleka kwa Bwana kabla hakijaota mizizi. Namshukuru kwa mahindi yaliyochelewa na bado yakazaa. Nawe uliyeketi hapo umemzuilia ndugu yako mbegu, mtegemee Yesu, ufungue mkono. Mvua haingoji.