Macho ya Binti wa Fundi Saa

Ukivuka barabara kutoka geti la hospitali, utakuta benchi lenye mguu mmoja wa tofali, na kando yake kibanda cha Fundi Saa. Hapo kahawa humiminwa na mambo ya dunia huamuliwa, dunia yenyewe ikiwa haina habari. Jioni hiyo Fundi Saa hakugusa saa hata moja. Binti yake, mwenye selimundu tangu kuzaliwa, kesho alikuwa na usaili katika chuo kinachofundisha washauri wa magonjwa ya kurithi, wale wanaoketi na familia na kuieleza ugonjwa umetoka wapi na itaishi nao vipi. Binti alitaka kuwaambia walimu waziwazi kwamba anaumwa. Baba hakutaka kusikia. Duka la dawa lilishamnyima binti kazi kwa sababu hiyo hiyo, na siku ile alilia mpaka sauti ikamkauka. Kwa hiyo baba mtu akalileta jambo hilo kijiweni.

REDIO (habari haimpiti): Tangazo lao nimelisikia. Eti wanataka wanafunzi wa kila aina. Wa mashambani, wasioona, wanaoumwa, wote karibuni.

MSUMARI (seremala): Mtego huo! Ukiona vyaelea, vimeundwa.

FUNDI SAA: Ndicho ninachomwambia. Ananijibu, baba, si wameita wenyewe?

REDIO: Wameita waone nani mjinga. Mgonjwa amshauri mgonjwa, wapi na wapi?

FUNDI SAA: Sasa yale macho? Siku nyingine yanakuwa manjano kabisa.

MSUMARI: Miwani myeusi, kwisha kazi. Aseme jua.

FUNDI SAA: Usaili ni chumbani, bwana.

MSUMARI: Aseme taa!

REDIO: Na avae mikono mirefu, kuficha alama za sindano. Kikulacho ki nguoni mwako.

MSUMARI: Wakimbana, aseme ni mlinzi wa usiku, hajalala.

REDIO: Mnahangaika bure. Amtume binamu yake, yule mnene mwenye afya ya kugawa. Nafasi ikipatikana, wanabadilishana.

MSUMARI: Mmoja mnene, mwingine mwembamba?

REDIO: Kusoma kunakondesha!

Walicheka wote, hata Fundi Saa. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu jana, maana wenzake walikuwa na uhakika, na uhakika wa watu wawili unaambukiza.

MUUZA KAHAWA: Jamani, si wanasema mficha maradhi...

REDIO: Hupata chuo! Mimina kahawa, wewe.

Hapo mama mmoja akavuka barabara kutoka hospitali, mtoto kamlalia begani. Aliomba pa kukaa, Msumari akampisha upesi.

MAMA: Asanteni, kaka zangu. Miguu imekataa. Mwanangu wameniambia leo ana selimundu.

FUNDI SAA: Pole sana, dada. Wamekueleza vizuri?

MAMA: Vizuri mno. Kijana aliyenieleza mwenyewe mpole, kanichorea damu ya baba na damu ya mama. Nikamwuliza, umewahi kumwona mwenye ugonjwa huu aliyekua akawa mtu mzima? Kaniambia vitabuni wapo.

Alimweka mtoto sawa begani, akawatazama mmoja mmoja.

MAMA: Nyinyi wa hapa mnajua watu. Yupo hata mmoja mnayemfahamu?

Redio alitazama ndani ya kikombe kama aliyeangusha kitu. Msumari akakohoa. Mtu waliyemfahamu ndiye waliyekuwa wakimvisha miwani jioni nzima. Fundi Saa aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

FUNDI SAA: Ninaye mmoja nyumbani.

MAMA: Mkubwa?

FUNDI SAA: Mkubwa mpaka ananibishia.

Mama yule akacheka, halafu machozi yakamtoka papo hapo, na hakuyafuta. Fundi Saa alikwishaanza kufunga kibanda.

FUNDI SAA: Twende, si mbali. Utamwuliza yote unayotaka.

MSUMARI: Lakini Fundi, si tulikuwa tunamficha?

FUNDI SAA: Tulikuwa. Kesho wakimwuliza ugonjwa huu kausomea wapi, awaambie nyumbani kwa baba yake.